Feni Mbili Mbele, Moja Nyuma

3 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Najua barua yako ijayo itaanza na shikamoo, kwa hiyo nimeitikia mapema kabisa.

Kifurushi kimefika salama. Mimi nilikuwa sokoni, akakipokea jirani yetu Kinyozi, akakaa nacho mapajani mpaka nikarudi, wateja wake wakisubiri na nusu ya nywele kichwani. Tumekifungua pamoja. Ule ubao mkuu wa kompyuta umeufunga ndani ya sweta lako la kijani la zamani, nikalinusa sweta kwanza ndipo nikautoa ubao. Usinicheke. Prosesa ipo, pawa saplai ipo, kamera ipo, kila kitu kipo. Nimevipanga mezani juu ya gazeti na Kinyozi amenikataza kuvigusa mpaka wewe useme neno.

Sasa kimebaki kile ulichoniachia mimi: kasha na feni zake. Nimekwenda lile duka la kona, baada ya benki. Mwanangu, nilidhani kasha ni kasha. Kumbe watu wametengeneza makasha ya kompyuta mengi kuliko viatu. Lipo jeusi lenye kioo mbele na taa zinazobadilika rangi, na hilo Kinyozi amelipenda mno, anasema likikaa sebuleni mgeni atajua hapa haishi mtu wa jana. Lipo lenye uso wa wavu kama chujio la chai. Lipo dogo jembamba la kutia kwapani. Muuzaji ana masharubu yaliyofunika midomo yote, sikupata hata neno moja, ikabidi aniandikie kwenye karatasi. Aliandika nichukue la kioo kwa kuwa ndilo watu wanalopenda. Nikamwambia naenda kumuuliza fundi wangu.

Wewe unajua kwa nini nahangaika hivi uzeeni. Siku ile tulipojaribu kwa simu ya Kinyozi, uso wako ulikuwa mdogo kama stempu. Midomo siisomi, nikabaki naitikia ndiyo, ndiyo, na mpaka leo sijui nilikubali nini. Mitambo ya kuchapa imenila masikio, lakini macho imeniachia. Nipe uso wako kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, nami nitakusikia neno kwa neno. Toka tulipomzika mama yako sijakusikia, na barua ni nzuri lakini barua haina uso.

Habari ya mtaani ni moja tu. Binti wa Kinyozi amerudi kwao na mabegi yake. Ndoa imemshinda, au yeye kaishinda, sijui. Baba yake siku hizi ananyoa watu akiwa ameinama kuliko wanaonyolewa. Nimempa pole ya ujirani, lakini moyoni nilishukuru kwamba wangu ametulia kwake. Mzazi akifika umri wangu hana tena nguvu za kupokea mabegi.

Msalimie sana mkwe wangu. Mwambie ule mchezo wetu wa drafti haujaisha, na alikuwa anashindwa.

Baba yako

19 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umeitikia mapema, lakini naamkia vilevile.

Usinunue la kioo, hata Kinyozi akilipenda vipi. Prosesa niliyokutumia, ule ubongo wa mashine, ni ya zamani, tuliitoa kwenye mashine ya ofisi moja iliyokuwa inatupwa. Inafanya kazi vizuri ila ina joto. Ikikosa hewa kwanza inajipunguza kasi, picha inakwamakwama. Ikizidiwa kabisa inajizima yenyewe isije ikaungua. Haitoi taarifa, inazima tu. Kasha la kioo mbele linapendeza, lakini ni sawa na mtu aliyezibwa pua.

Chukua la wavu. Hakikisha ndani lina nafasi ya ubao wetu. Nenda nao dukani ukiwa ndani ya ule mfuko wake, uuweke juu uone kama matundu ya skrubu yanalingana. Angalia kama nyuma ya wavu kuna chujio la vumbi linalochomoka, maana lile utaliosha chini ya bomba kila mara.

Feni ziwe tatu. Mbele mbili za kuvuta hewa ya nje, nyuma moja ya kutoa moto. Chagua pana. Feni pana huzunguka polepole na bado inasukuma hewa nyingi, ndogo huhangaika na kupiga kelele. Omba zile za kimya.

Sisi huku wazima. Mkwe wako yuko safarini na gari, kama kawaida ya madereva. Salamu zake utazipata. Baridi ni kali na kazi karakana ni nyingi.

Habari ya Kinyozi nimeiona. Mpe pole. Na binti yake mpe pole pia.

Chiriku

8 Machi

Chiriku,

Marahaba. Kurasa mbili za feni na mistari miwili ya nyumba yako. Zamani ilikuwa kinyume. Ulikuwa ukitoka shule unaanza na paka wa jirani, unapita kwa mwalimu wa hesabu, unamsengenya muuza vitumbua wa getini, ndipo unakumbuka kusema kuwa shule imefungwa. Hatukukosea kukuita Chiriku. Sasa ndege gani huyu anayeniletea habari za chujio la vumbi?

Kasha la wavu nimenunua. Ubao umeingia bila ugomvi. Kinyozi amenuna kwa sababu ya zile taa za rangi, lakini amekubali kunishikia tochi, na anashika vizuri isipokuwa anapopiga chafya.

Kwenye feni nilisimama dukani na barua yako mkononi nikacheka peke yangu. Za kimya, kimya kwa ajili ya nani? Mimi hata ukiniwekea injini ya lori sebuleni nitalala fofofo. Nikachukua za kawaida, nikazifunga zote tatu. Kiwandani kwetu feni zote zilielekezwa kwenye karatasi ili wino ukauke, kwa hiyo nami nimezielekeza zote tatu kwenye ubao. Zinaupulizia toka mbele na toka nyuma. Nadhani utafurahi.

Nyumba iko vile vile. Naona kama sebule imekuwa kubwa. Asubuhi nawasha redio, si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya majirani wajue kuna mtu. Juzi Kinyozi akaniambia kuwa wiki nzima ilikuwa imekaa katikati ya stesheni, inakoroma. Nilicheka naye, halafu nilipofunga mlango sikucheka tena.

Mkwe anarudi lini kutoka safarini? Umeandika salamu zitakuja, hazijaja.

Baba yako

23 Machi

Baba,

Hii najua sitaituma. Naiandika ili mkono uzoee.

Mkwe wako hayuko safarini. Aliondoka mwaka jana, kabla ya baridi. Hakukuwa na ugomvi wa kusimulia, angalau ungekuwepo ningekuwa na la kusema. Alisema amechoka, akapakia vitu vyake kwenye lile gari lake, akachukua na simu kwa kuwa laini ilikuwa ya jina lake. Nimehamia chumba kimoja juu ya dobi. Mashine zake za kufulia zikizunguka sakafu inatetemeka, na siku asipofungua naona kama dunia imesimama.

Karakana nazungumza na watu kuhusu mashine. Nikitoka hapo hakuna anayeniuliza nimefikaje. Juzi nilinunua mkate nikamshukuru muuzaji, nikagundua hilo ndilo neno langu la kwanza toka nilipotoka kazini siku iliyotangulia. Mimi, Chiriku wenu.

Nataka kurudi nyumbani. Ndiyo hivyo tu. Nataka chumba changu na nataka kukusikia ukikohoa asubuhi. Lakini umeniandikia kwamba huna nguvu za kupokea mabegi, na hilo neno nalala nalo, naamka nalo.

Ndiyo maana naandika feni. Kwenye feni sikosei. Nitakuambia uso kwa uso mashine ikiwa tayari, nikutazame ukisikia. Ukikunja uso nitajua, na sitakuomba mara ya pili.

24 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Feni zote tatu zikipulizia ndani, ule moto utatokea wapi? Kompyuta si karatasi ya kukausha wino. Igeuze ya nyuma. Kwenye fremu ya feni kuna mshale mdogo umechongwa pembeni, unaonyesha hewa inakoelekea. Ukiwa huuoni, kata kipande cha karatasi nyembamba: mbele kivutwe kinate kwenye wavu, nyuma kipeperuke kwenda nje. Hapo utakuwa umefaulu.

Na za kimya ni kwa ajili yangu. Kamera ina kinasa sauti. Wewe utanisoma midomo, lakini mimi nitakusikia, na nataka nikusikie wewe, sitaki kusikia feni. Tafadhali warudishie hizo za kelele.

Kasha liache mbali kidogo na ukuta. Juu yake pana matundu, usiweke kitabu wala sahani.

Mtandao mzuri naupata karakana tu, na wananiruhusu Jumapili moja tu kila mwezi wakishafunga. Tuonane Jumapili ya tarehe 21 Aprili, mchana, ukishakula. Ikiharibika, tutangoja ya mwezi unaofuata. Simu yangu ina matatizo, usihangaike nayo, andika.

Baba, nina jambo la kukuambia. Nataka unitazame vizuri nikilisema.

Chiriku

14 Aprili

Chiriku wangu,

Imewaka. Barua hii itakufikia tukiwa tumeshaonana, lakini siwezi kukaa na furaha hii peke yangu wiki nzima.

Feni za kelele nimerudisha, nimepewa zako za kimya. Ya nyuma nimeigeuza. Karatasi mbele ikanata, karatasi nyuma ikapeperuka mpaka ikamwangukia Kinyozi puani. Anasema feni hata yeye mwenye masikio mazima hazisikii, inabidi ainamishe kichwa. Mtandao amenigawia wa saluni yake, waya tumeupitisha dirishani, na binti yake ndiye aliyenifundisha pa kubonyeza. Mtoto mpole yule. Niliiwasha kamera nikaona mzee mmoja amekonda, nikamuuliza amepitia wapi kuingia.

Kitu kimoja nimeongeza kwa akili yangu. Lile kasha lilikuwa linaonekana kama limevuliwa nguo. Na wewe unamjua mama yako, hakuacha kitu uchi katika nyumba hii. Redio, friji, meza, mpaka mtungi wa maji, vyote vilikuwa na vitambaa vya kufuma. Nimefungua kabati nikatoa kile cheupe kipana alichokifuma mwaka wake wa mwisho, nimelivika kasha zima, kimeshuka mbele na nyuma mpaka chini. Kimekaa kana kwamba alikipimia. Vumbi sasa litaingilia wapi?

Nilifikiri nikivue siku ya kuongea, nikakataa. Siku hiyo nataka naye awepo. Kwa hiyo utakaponiona, ujue hapo pembeni yangu yupo.

Hilo jambo lako nimelifikiria sana. Sikuulizi. Nitakutazama vizuri.

Baba yako

22 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nimekuelewa.

Ulikuwa unanitazama vizuri, kama ulivyoahidi. Niliposema mkwe wako ameniacha ulitikisa kichwa na kuweka mkono mdomoni. Niliposema nataka kurudi nyumbani, naomba unipokee, ukazima.

Nilikupigia tena na tena. Nilikaa mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimelala. Nikamwambia nasubiri baba yangu arudi hewani.

Sikulaumu. Uliniambia mapema kuwa huna nguvu za kupokea mabegi, nami nililisoma vizuri, nikaomba hivyo hivyo. Kosa la kuomba ni langu.

Kampuni yetu inafungua kituo kipya mbali sana na hapa, mahali pa baridi kuliko hapa, wanatafuta mtu wa kukaa na kutunza mitambo. Wenzangu wote wamekataa kwa sababu wana familia. Nitampa fundi mkuu jina langu.

Dawa zako za presha usiache.

Binti yako

22 Aprili

Chiriku wangu,

Toka jana nazunguka nyumba nikiongea peke yangu. Pole, mwanangu. Pole sana. Nilikusoma neno kwa neno, hakuna lililonipita. Kumbe muda wote huu umekaa na mzigo huo huku ukiniandikia habari za skrubu.

Ulipomaliza kusema ukaiziba kamera, kioo kikawa cheusi. Nikajua ni wewe yule yule. Toka utotoni hukutaka tukuone ukilia, ulikuwa unaingia nyuma ya pazia la sebuleni na kutuachia miguu. Mama yako alikuwa ananikataza nisifunue pazia, anasema ongea naye hivyo hivyo, anasikia. Basi na jana sikulifunua. Nikasogea karibu na kioo, nikasema yangu yote mpaka mdomo ukanikauka. Hapa sirudii, uliyasikia, na mengine ni aibu mtu mzima kuyaandika. Nikakuaga, nikaizima mashine ukutani, nikaenda kunawa uso.

Leo nimeanza na chumba chako. Nilikuwa nimekijaza magazeti, unisamehe. Kinyozi na binti yake wamenisaidia kugeuza kitanda kiangalie dirisha. Godoro liko juani. Huyo bwana sitamtaja tena mpaka utakapomtaja wewe, na kete zake za drafti nimempa Kinyozi.

Niandikie siku utakayofika. Kama una mizigo mingi, Kinyozi ana mkokoteni.

Baba yako

11 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Barua zako mbili, ya kitambaa na ya chumba, zimefika pamoja leo. Nimezisoma nikiwa nimesimama, halafu nimezisoma tena nikiwa nimekaa sakafuni.

Baba, sikuziba kamera. Mashine ilijizima. Kitambaa cha mama kililifunika kasha lote. Feni mbili za mbele hazikuwa na pa kuvutia hewa, ya nyuma haikuwa na pa kutolea moto, na ile prosesa ikafanya nilichokuambia itafanya. Mtu mwingine angesikia feni zimenyamaza. Na mimi ndiye niliyekulazimisha ununue zile ambazo hata Kinyozi hazisikii. Nilikuandikia kila kitu kuhusu hewa, nikasema usiweke kitabu wala sahani, nikasahau kwamba nyumba yetu ni nyumba ya vitambaa.

Sikusikia hata neno moja ulilosema. Nilibaki nakitazama kioo changu, nikaamini umenizimia.

Na mimi nimeshasaini. Nilisaini wiki ile ile. Ni miaka miwili, na ruhusa ya kwanza ya kusafiri ni baada ya mwaka wa kwanza kuisha. Leo nimemkimbilia fundi mkuu nikamwomba aniachie. Si mtu mbaya, ameniwekea kiti. Lakini aliyechukua nafasi yangu karakana ameshaanza kazi, yuko pale kwenye meza yangu na amebandika picha za watoto wake. Chumba cha juu ya dobi kimepata mpangaji. Naondoka keshokutwa. Huko mtandao ni wa mitambo tu, hautaruhusu picha. Anwani mpya nimeiandika nyuma ya bahasha.

Nimekasirika, Baba, na simjui wa kumkasirikia. Si wewe. Si mama na kitambaa chake. Nimebaki na hasira mkononi.

Ulisema nini? Niandikie yote. Hata yale ya aibu.

Chiriku

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Ile barua yako ya 'Nimekuelewa' ndiyo iliyotangulia kunifikia. Nilikaa nayo siku nyingi siielewi, naigeuza kama mtu anayetafuta ukurasa uliochapwa vibaya. Kinyozi alipiga ile namba ya zamani, aliyepokea akasema hajui uliko. Nilimnyang'anya Kinyozi simu nikamtukana huyo bwana, na sijui alijibu nini, na sitaki kujua. Halafu ikaja hii ya pili, na ndipo nikalivua kasha kile kitambaa. Nimekikunja nimekirudisha kabatini. Kilikuwa na harufu ya kuungua kidogo upande wa juu.

Lile neno la mabegi niliandika kama watu wanavyosema mambo kwenye kiti cha kinyozi, ili maongezi yasogee. Sikujua linakwenda kulala kwenye mto wako. Binti wa Kinyozi sasa amefungua upande wa kusuka pale pale saluni, na baba yake amerudia kuimba akinyoa. Watu wanasema anaimba vibaya, na mimi ndiye mteja pekee asiyelalamika. Aibu yake haikufika hata mwisho wa mwezi. Wangu mimi sikumpa nafasi ya kuniletea aibu nikaona kama ninaweza kuibeba.

Sasa niliyosema. Nilisema nimekusikia. Nilisema pole, na nikasema kwamba sikuona jipya usoni mwako zaidi ya kuwa umechoka. Nilisema nami nimechoka kula huku natazama ukuta. Nilisema toka mama yako aondoke naandaa vikombe viwili, nakirudisha kimoja kabatini, na kesho yake nasahau tena. Nikasema zile barua zangu ndefu za kuchekesha ni uongo mtupu, nazirefusha ili nisifike mahali pa kukuomba urudi, maana baba hamwombi binti aache nyumba yake aje amtazame yeye akizeeka. Nililia pia, na hilo ndilo nililoona aibu kuliandika.

Halafu nikasema rudi. Hilo nimelisema mara nyingi kuliko mengine yote. Nikakuuliza umenisikia, nikangoja. Kioo kikabaki cheusi. Nikasema moyoni, basi, amenisikia.

Mkataba ni mkataba, umalize. Usiwatoroke watu, na usiwe na hasira na yule mwenye picha za watoto. Ila sitakuficha kwamba kwa umri wangu miaka miwili si kitu kidogo. Nitameza dawa, nitatembea asubuhi, nitajitahidi unikute. Jumapili iliyopita niliiwasha mashine mchana baada ya kula, ingawa najua hupo huko. Ilikaa wazi bila kujizima. Nilijiona mwenyewe tu humo, nikakaa naye kidogo kisha nikaizima.

Niandikie habari za huko. Si za feni. Nataka habari za paka wa jirani, za muuza mkate, za mtu aliyekusemesha na asiyekusemesha. Ziwe ndefu upendavyo.

Na siku utakayorudi usianze na barua ya kuomba, wala usinitafutie siku nzuri. Chukua mabegi yako uje. Ukifika usigonge, maana sitasikia. Ingia tu.

Baba yako